Diski ipi ununue kabla ya kuitupa kompyuta yako

Laptopu ikianza kuchukua dakika tano kuwaka, watu husema imezeeka na kuanza kuulizia bei ya nyingine. Mara nyingi kilichozeeka ni diski peke yake. Laptopu yenye prosesa ya Core i5 ya miaka kumi iliyopita bado inaandika barua, inafungua Excel na kuonyesha video bila kulalamika. Kinachoirudisha nyuma ni diski ya kuzunguka, ile yenye sahani na kichwa cha kusomea. Kwa hiyo kabla hujazunguka maduka ya Kampala Road ukitafuta mashine nzima, tafuta diski. Nimezipanga kwa maswali mawili: itaingia kwenye mashine yako? Na siku itakapokufa, utapoteza nini? Kasi iliyoandikwa kwenye boksi naiweka nyuma.

Ya kwanza: SSD ya SATA ya inchi 2.5, GB 480 au 500

SSD ni diski ya chipu, haina kinachozunguka. Hii ya SATA inakaa palepale ilipokaa diski ya zamani, kwa plagi ileile. Diski ya kuzunguka ya laptopu husoma kama MB 100 kwa sekunde, SSD ya SATA hufikia 550, lakini siri haiko kwenye namba hizo. Windows ikiwaka huokota maelfu ya vijifaili vilivyotawanyika, na kichwa cha diski lazima kikimbie huku na huku kukifuata kila kimoja. SSD haina cha kukimbiza. Ndiyo maana mtu akibadilisha hudhani kapewa kompyuta nyingine.

Samsung 870 EVO naiweka juu: waranti ya miaka 5, na kikomo cha kuandikiwa cha TB 300 kwa ile ya GB 500 (TB 1 ni GB 1,000). Crucial MX500 inaifuata, miaka 5 na TB 180. Chini yao wako Kingston A400 na Crucial BX500, waranti miaka 3. Hizi mbili za bei nafuu hazina RAM yake ya ndani, na ukizimwagia faili kubwa kwa mkupuo zinachoka. Mpiga video anayehamisha GB 100 za kwanjula, sherehe ya utambulisho, ataona kasi nzuri mwanzoni, kisha mstari unaporomoka na kubaki huko chini. Anayechapa kazi za wanafunzi pale Wandegeya huenda asikutane na hali hiyo kabisa.

Kikomo cha TB kisikutishe. Ukiandika GB 30 kila siku, na wengi wetu hatufiki hapo, kwa mwaka ni kama TB 11. TB 180 zitakuchukua zaidi ya miaka 16. Kitakachokushinda mapema ni ukubwa: GB 240 hujaa haraka kwa sasisho za Windows na picha za WhatsApp, na SSD iliyojaa pomoni hupunguza mwendo. Acha angalau asilimia 15 wazi.

Ya pili, au ya kwanza kama una tundu lake: NVMe

NVMe ni SSD ya kijiti chembamba, mara nyingi milimita 22 kwa 80, kinachochomekwa kwenye tundu la M.2. Za kizazi cha PCIe 3.0 hufikia MB 3,500 kwa sekunde, za PCIe 4.0 kama 7,000. Ukiweka ya 4.0 kwenye laptopu ya 3.0 itafanya kazi, ila kwa mwendo wa 3.0, basi usilipe ziada. Mtego wenyewe uko kwenye tundu: yapo matundu ya M.2 yanayokubali SATA tu, na NVMe ikichomekwa humo haionekani kabisa. Tafuta modeli ya laptopu yako mtandaoni kabla ya kulipa, au mwambie fundi aifungue mbele yako. Kama inakubali na bei zimekaribiana, chukua NVMe. Hata zile zisizo na RAM ya ndani, nyingi huazima kidogo RAM ya kompyuta, jambo ambalo ndugu zao wa SATA hawawezi. Ila usitegemee Word ifunguke mara sita haraka zaidi.

Ya tatu: diski ya nje ya kuzunguka, TB 1 au 2

Hii si ya kuwashia kompyuta, ni ya kuwekea nakala, na naona ni lazima. Diski ya kuzunguka kabla ya kufa mara nyingi hugongagonga, hukwama, hukupa muda wa kuokoa chochote. SSD yaweza kuzimika leo bila dalili, na kilichofutwa humo ni vigumu kukirudisha, kwa sababu amri ya TRIM husafisha nafasi hiyo. Pia SSD iliyochoka ikikaa kabatini bila umeme huanza kupoteza data. Kiwango cha JEDEC, shirika la viwango vya chipu, kinadai mwaka 1 tu kwa nyuzi joto 30. Kumbukumbu za miaka mingi ziweke kwenye diski ya kuzunguka.

Kuna njia ya bei rahisi zaidi: ile diski uliyoitoa kwenye laptopu, kama ni nzima, inunulie kasha la USB.

Ya nne: diski ya kuzunguka ya mtumba

Kwa kuhifadhia filamu, sawa. Kwa Windows, hapana. Na usiinunue bila kuipima kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Mwambie muuzaji aichomeke, kisha soma mistari mitatu: 05, C5 na C6. Inataja sehemu za diski zilizoharibika au zinazosubiri kuhukumiwa, na zote ziwe sifuri. Tazama pia saa ilizowaka. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 26,000 imewaka kama miaka 3 mfululizo, pengine kwenye seva au kamera za ulinzi. Saa nazo huchezewa: mwanzoni mwa 2025 diski za Seagate zilizokwishatumika zilikutwa zikiuzwa Ulaya kama mpya, hesabu yake imerudishwa sifuri.

Ya mwisho kabisa: SSD zisizo na jina, na diski za nje za “TB 16” kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani ya hizo za pili mara nyingi mna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyofundishwa kudanganya. Zijaze kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi, uongo utatoka. Ila usichanganye na jambo hili la kawaida: GB 500 huonekana 465 kwenye Windows, na TB 1 huonekana 931. Hujaibiwa, ni namna mbili za kuhesabu.

Kuhusu bei, tangu mwisho wa 2025 chipu za kumbukumbu zimepanda duniani kwa sababu vituo vya akili unde vinazinunua kwa wingi. Nukuu ya mwaka jana usiitegemee. Uliza maduka matatu, gawanya bei kwa GB, na dai risiti yenye namba ya diski.

Mwenye kompyuta ya mezani aongeze UPS, betri ya akiba, kwenye bajeti. UEDCL, kampuni ya serikali ya Uganda, ilipokea usambazaji wa umeme kutoka kwa kampuni ya Umeme Aprili 2025, lakini umeme ukikatika katikati ya kuandika, diski yoyote yaweza kuharibu faili.

Baada ya kufunga SSD, usiifanyie defragi ya zamani, ile ya kupanga upya vipande vya faili. Windows huijua na huipa TRIM yenyewe kila wiki, acha ratiba hiyo iwake. Kuhamisha kila kitu kutoka diski ya zamani, programu ya Clonezilla ni ya bure. Nyingine, Macrium Reflect ya bure, ilifikia mwisho Januari 2024. Kama Windows 11 yako ina BitLocker, kufuli la kuficha data, andika ufunguo wa kurejeshea kabla fundi hajagusa skrubu. Kisha mwambie akurudishie diski ya zamani mkononi, hata kama imekufa: humo mna picha zako na nakala ya kitambulisho chako.