Petroli kwenye plazma: je, chemba ya baridi ina thamani ya bei yake?

Haya, karibuni tena ndugu watazamaji. Leo mezani nina chemba ya mnyunyizo inayopozwa kwa umeme, ile inayokaa kati ya nebulaiza, yaani kinyunyizi cha sampuli, na tochi ya plazma. Ni kwenye mashine ya ICP, ile inayopima elementi kama metali kwenye mafuta kwa mwanga zinaoutoa ndani ya plazma, gesi ya moto mno. Chapa sitaji, hawajanilipa. Zilizopo sokoni nyingi zinafanya kazi hivi hivi: kipande cha Peltier kinanyonya joto kutoka kwenye kioo, na wewe unapanga nyuzijoto unazotaka kwenye kompyuta. Hii niliyo nayo inashuka hadi nyuzi 10 chini ya sifuri.

Mnaopima dizeli na oili mtauliza, baridi ya nini? Kweli, dizeli ukiizimua kwa mafuta ya taa haikusumbui. Mkorofi ni petroli. Kwa kawaida matone madogo sana ndiyo yanayofika kwenye plazma, mengine yote yanaishia chupa ya taka. Petroli inageuka mvuke humo humo ndani ya chemba, na mvuke wote unakwenda zake kwenye tochi. Plazma ya agoni ina joto la maelfu ya nyuzi, lakini ikilishwa mvuke kupita kiasi inazimika kama mshumaa.

Angalieni hapa. Chemba ipo kwenye joto la chumba, na petroli nimeizimua kwa mafuta ya taa. Mnauona ule ulimi wa kijani katikati? Hiyo ni kaboni, atomi mbili mbili zilizoshikana, inang'aa kwenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 516. Sasa shusheni macho kwenye ncha ya injekta, mrija wa katikati ya tochi unaopeleka sampuli kwenye plazma: masizi yameshaanza. Yakiota pembe, zima mashine ukasafishe.

Nashusha hadi nyuzi 10 chini ya sifuri, tunasubiri kidogo... haya. Ulimi umenywea wenyewe, sijagusa kitu kingine. Heksani, mojawapo ya vilivyomo kwenye petroli, ina shinikizo la mvuke la takriban kilopaskali 20 kwenye nyuzi 25. Kwenye baridi hii linashuka zaidi ya mara tano.

Baridi peke yake haitoshi, msidanganywe na tangazo. Weka injekta nyembamba, ya milimita 1 au chini yake. Punguza gesi ya nebulaiza, pandisha nguvu hadi wati 1,400 au 1,500, kisha ongeza oksijeni kidogo kidogo ili kaboni iungue. Mirija ya pampu iwe ya Viton, mpira unaohimili petroli, maana ile ya kawaida petroli inaiharibu upesi.

Kwa manganizi na chuma, nimeridhika. Manganizi naisoma kwenye nanomita 257.610, itriamu ikiwa kipimo cha ndani (elementi unayoitia kwa kiasi kile kile kwenye kila sampuli ili kulinganishia), na namba zinatulia. Na utulivu unahitajika: kiwango cha Ulaya cha EN 228 kinaruhusu manganizi isiyozidi miligramu 2 kwa lita, na metali ya risasi isiyozidi 5.

Sasa silikoni. Hapa ndipo wauzaji wanapopunguza sauti. Mwaka 2007 kusini-mashariki mwa Uingereza, petroli iliingiliwa na silikoni na magari mengi yakaharibika sensa za oksijeni. Vipimo vya kawaida vya petroli havikuwa vikiitafuta. Leo mtu anaweza kusema, si tuna plazma, tupime tu! Pima, ila jua hili: baadhi ya siloksani, yaani michanganyiko yenye silikoni, ni nyepesi mno, zinafika kwenye plazma zikiwa mvuke, huku stendadi yako ya mafuta mazito, ile sampuli ya kiasi kinachojulikana unayolinganishia, inafika ikiwa matone machache. Silikoni ni ile ile, lakini mashine inakusomea nyingi kuliko iliyopo, na wakati mwingine kwa mbali sana. Itriamu haikuokoi, kwa sababu nayo imekuja na matone. Baridi inapunguza pengo hilo, hailizibi. Kama unajua ni siloksani gani, tengeneza stendadi kwa hiyo hiyo. Kama hujui, usitie saini cheti.

Risasi nayo ina tabia hiyo, ila wazee wa kipimo cha unyonyaji wa atomi, njia nyingine ya kupima metali, walishaipatia dawa: wanaitibu sampuli kwa iodini kwanza, ili aina zote za risasi ziitikie sawasawa.

Malalamiko yangu? Kwenye maabara yenye unyevunyevu, kiungo cha kioo kinatoka jasho, kwa hiyo nyaya ziwe mbali nacho. Na ile taka ni petroli baridi itakayopata joto ndani ya chupa: usiifunge kabisa, wala usiiache wazi mezani. Mvuke wake uelekezwe kwenye kabati la kufyonza hewa.

Kwa maabara inayopokea petroli au nafta kila siku, nunueni. Wa dizeli na oili za injini, fedha hiyo wekeni kwenye tochi za akiba.