MIT OpenCourseWare: bure kweli, ila usichague kozi kwa jina tu
Chuo kikuu cha MIT cha Marekani kilitangaza mwaka 2001 mradi huu wa kuweka masomo yake kwenye mtandao. Leo una kozi zaidi ya 2,500, kuanzia fizikia na uchumi hadi historia na muziki. Hujisajili, hulipi, huombwi hata barua pepe.

Tatizo ni kwamba kozi hazilingani. Nyingine zina video, mitihani na majibu. Nyingine zina ratiba na orodha ya vitabu tu, na vitabu vyenyewe hupewi. Anayejisomea peke yake atafute namba zinazoishia na herufi SC, kama 18.01SC ya kalkulasi, au 18.06SC ya aljebra ya mstari iliyofundishwa na Gilbert Strang, aliyekuwa profesa wa hisabati wa MIT. Hizo zimepangwa kwa ajili yake hasa: video fupi za kutatua maswali zimo, na majibu ya mazoezi yamo. Ni kazi nzuri mno.

Bando likiwa dogo, pakua faili la zip la kozi nzima. Video hazimo humo. Unazishusha moja moja. Cheti hakitolewi, wala hakuna mwalimu wa kukusahihishia, kwa hiyo maliza swali kwa kalamu kabla hujafungua jibu.