Pakiti ya kuanzia kufuma skafu: uzi mzuri, karatasi ya kutupa

Vifuko hivi vya plastiki vyenye zipu, vinavyotundikwa kwenye maduka ya uzi na vifungo kule Darajani, mjini Zanzibar, vinaahidi skafu nzima. Ndani mna madonge mawili ya uzi wa akriliki ya gramu 50 kila moja, sindano mbili za alumini za milimita 5, sindano butu ya plastiki ya kufichia ncha za uzi, na karatasi ya maelekezo yenye picha.

Kwa hesabu, hiyo ni nusu skafu. Skafu ya upana wa sentimita 20 na urefu wa sentimita 150 hula gramu 150 hadi 200 za uzi wa unene huu. Madonge mawili yataishia sentimita 80 au 90, yaani yanazunguka shingo lakini hayafungiki. Basi ukinunua pakiti, chukua na madonge mawili ya ziada siku hiyo hiyo, na usome kikaratasi kinachozunguka donge: zaidi ya namba ya rangi ipo namba ya mchovyo, ya nyuzi zilizotiwa rangi pamoja. Nyekundu mbili za michovyo tofauti zinafanana dukani. Zikishakutana kwenye skafu, kila mtu anaona zilipoungwa.

Uzi wenyewe hauna lawama. Umesokotwa kwa kukaza, kwa hiyo ncha ya sindano haiupasui kati kwa kati, na nondo hawali akriliki. Chagua rangi ya maziwa au samawati. Pakiti nyeusi iachwe dukani, kwani vitanzi vyake havionekani, na anayeanza anafuma kwa macho kabla vidole havijazoea.

Sindano zinafaa nusu. Alumini haishiki kutu kwa hewa yetu ya chumvi, ila inateleza, na vitanzi vya anayeanza vinamwagika pale anapoziweka chini kwenda kuepua chungu. Za mianzi zinashika zaidi. Wakati wa joto la kaskazi viganja vinatoa jasho, uzi unanata vidoleni, mtu anazidi kukaza, mwisho vitanzi havisogei. Paka poda kidogo mikononi. Kipupwe, Juni hadi Agosti, kazi hii hii huwa nyepesi.

Karatasi ndiyo inayoharibu. Inaamuru vitanzi 40, safu moja ya fumo la mbele (kitanzi kipya kinavutwa kuja mbele) na safu moja ya fumo la nyuma (kinasukumwa kwenda nyuma). Kitambaa kinatoka laini kama cha fulana, kisha kingo zinajikunja mpaka skafu inakuwa bomba, kwa sababu upande mmoja na mwengine hazivutani sawa. Pasi haisaidii; ikiwa ya moto sana, akriliki hulegea na hairudi tena. Fuma vitanzi 36, fumo la mbele tupu kila safu, kwenda na kurudi. Pande zote mbili zitakuwa na matuta yale yale na skafu italala kama mkeka.

Kabla ya kitanzi cha kwanza, acha mkia wa uzi mara tatu ya upana na sentimita 15 juu yake, jumla 75. Vianzishe juu ya sindano zote mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukianzisha kwa kukaza, ncha ya skafu itakuwa nyembamba kuliko katikati.

Ugonjwa mkubwa wa safu za mwanzo ni 36 kugeuka 39. Aghalabu chanzo ni mwanzo wa safu: uzi ukipitishwa juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha kwanza kinavutika na kuonyesha miguu miwili, nawe unafuma yote miwili. Uzi uteremke mbele, upite chini ya sindano. Hesabu kila safu kwa safu kumi za mwanzo. Anayejua kusuka ukili wa mikeka hili halimpi tabu, kwani keshazoea kuhesabu miyaa.

Kitanzi kikidondoka na kushuka kama ngazi, usifumue. Kiokote kwa sindano ya kroshia, ile ya vitambaa vya meza iliyomo nyumba nyingi. Kwa fumo hili kidato kimoja huvutwa kutoka mbele na kinachofuata kutoka nyuma. Ukivuta vyote upande mmoja, utabakiwa na mstari laini katikati ya matuta. Karatasi haikusema neno juu ya hili.

Donge likikaribia kwisha, pima: uzi uliobaki usipofika mara nne ya upana, anza donge jipya pale pembeni, acha mikia ya sentimita 15. Kufunga vitanzi vya mwisho tumia sindano ya milimita 6, la sivyo ncha itakaza. Mikia ifichwe kwa ile sindano butu kwa kwenda na kurudi, maana akriliki inateleza na mkia uliopita njia moja unachomoka kwenye kufua.

Fua kwa maji baridi, kamua ndani ya taulo, anika kwa kulaza jamvini kivulini. Ukiitundika kambani ikiwa imeroa, sentimita 150 zitakuwa nyingi zaidi.