Bwawa la mapumziko Kiambu: samaki watamu, lakini angalieni tuta

Nimeenda hapa mara mbili na watoto, Januari na tena mwisho wa Aprili mvua ikiwa imeshika. Nianze na mazuri, maana yapo. Kiingilio ni shilingi 300 kwa mtu mzima na 150 kwa mtoto, unalipa kwa M-Pesa langoni. Mashua za kupiga kasia ni nne, majaketi ya kujiokolea yapo hata ya watoto wadogo, na kijana wa mashua haruhusu mtu kupanda kabla hajamfunga kamba mwenyewe. Samaki tuliyemvua walitukaangia, na ugali na kachumbari juu, shilingi 650. Vyoo safi.

Shida yangu ni tuta.

Hili bwawa ni kijito kilichozibwa kwa tuta la udongo. Juu ya tuta pana njia ya miguu na viti vya kupigia picha. Wageni hukaa wakitazama maji, upande wa nyuma hakuna anayeshughulika nao. Mimi nilikuwa nikiishi Nakuru usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipopasuka kule Solai na kuua watu 48. Lile nalo lilikuwa la tuta la udongo, na mvua ilikuwa imenyesha kwa wiki nyingi. Tangu siku hiyo siwezi kukaa kando ya bwawa kabla sijashuka kuona nyuma yake pakoje.

Januari nilikuta nyuma pakavu, nyasi zimefyekwa vizuri, ila mikaratusi mitatu imepandwa kwenye mteremko. Mti mkubwa kwenye tuta la udongo ni hatari: ukifa, mizizi huoza na kuacha vijia ndani kwa ndani, na maji huvifuata. Nilimwambia meneja. Akanijibu kwa adabu, "Mama, hili tuta lina miaka kumi na tano na halijawahi kutusumbua."

Aprili ndiyo iliyonifanya niandike. Bwawa la namna hii lazima liwe na mfereji wa pembeni ulio chini kuliko kichwa cha tuta, ili maji yakizidi yapite huko na si juu ya udongo. Hapa mfereji upo, tena wa mawe, fundi wake alijua kazi. Lakini walikuwa wameuziba kwa wavu wa waya, ule wa banda la kuku, samaki wasitoroke. Mvua ilikuwa imeleta majani ya mikaratusi, vijiti, chupa za plastiki na kandambili moja ya mtoto, vyote vimegandamana kwenye wavu kama mkeka. Juu yake wakaongeza magunia mawili ya mchanga ili bwawa lijae. Serikali ilieleza kwamba hata kule Mai Mahiu, Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli kwa sababu njia yake ya chini ilikuwa imezibwa na takataka, kisha yakabomoa na kuwakuta watu wamelala.

Hapa maji yalikuwa yamebakiza shubiri mbili kufika juu ya tuta. Katikati, watu na ng'ombe wanapopita kila siku, njia imelika na kuwa kama sahani, na hapo haikubaki hata shubiri moja. Maji yakishaanza kupita juu ya udongo, huuchimba kuanzia upande wa nyuma, na tuta zima linaweza kwisha kwa saa chache tu.

Nilishuka tena. Mguuni mwa tuta, chini ya mkaratusi wa kati, palikuwa na maji yanayochuruzika. Nikayakinga kwa chupa tupu, nikaiinua juani. Yalikuwa meupe, nikapumua kidogo. Yangetoka na rangi ya chai ya maziwa, maana yake ni kwamba yanabeba udongo wa ndani ya tuta, na hapo humtafuti meneja, unakimbia kuwatoa watu walio chini.

Na watu wapo. Bwawa ni kama nusu eka, kina cha wastani tuseme mita 2. Hesabu yangu ya haraka inatoa mita za ujazo 4,000, yaani tani 4,000 za maji. Hatua mia tatu hivi kuteremka pana nyumba za mabati na shamba la sukuma wiki. Shosho mmoja aliyekuwa akipalilia aliniambia mvua ikinyesha usiku huwaamuru wajukuu walale na viatu karibu na mlango. Miaka yote hii hajawahi kupanda huku juu kula samaki.

Safari hii meneja alinisikiliza. Nilimpeleka hadi mferejini, akaiona ile kandambili, akanyamaza. Aliita vijana wawili, wakatoa magunia na wavu palepale. Tulipomaliza kula, maji yalikuwa yameshuka upana wa kiganja. Nampongeza kwa dhati. Lakini nilipomuuliza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mhandisi alikuja lini mara ya mwisho, hakuwa na karatasi ya kunionyesha.

Chakula na wahudumu nawapa nyota tano. Bwawa nalipatia nyota mbili, hadi ile njia ijazwe udongo na kushindiliwa, na mhandisi aje aseme mikaratusi itolewe vipi, kwa sababu kuing'oa ovyo kunaweza kulilegeza tuta lenyewe. Niliomba pia watu wa kule chini wapewe namba ya simu ya meneja. Akaniandikia kwenye risiti, nami nikampelekea shosho kabla hatujapanda matatu.