Kizimba cha joto chenye mashine ya ukungu: tathmini baada ya siku 45 za kuwauguza baji

Nilikinunua kizimba hiki kwa haraka, jioni ya siku ambayo baji wangu mmoja, jike la buluu niliyempa jina la Tone, alishindwa kupanda kwenye kijiti cha juu, akabaki chini akiwa ameumua manyoya na mkia wake ukipanda na kushuka kwa kila pumzi. Mtu anayefuga baji, hawa kasuku wadogo wenye asili ya Australia, hujifunza mapema kwamba ndege huficha ugonjwa wake mpaka nguvu zimwishie, na kwamba mkia unaocheza namna hiyo ilhali ndege ametulia ni dalili ya kupumua kwa taabu. Ndani ya siku tatu wagonjwa walikuwa wanne kati ya saba. Kizimba kimefanya kazi usiku na mchana kwa siku 45, na tathmini hii ninamwandikia yule ambaye leo anasikia chafya katika tundu lake na anajiuliza kama kifaa cha aina hii kitamfaa. Kitamfaa, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye boksi.

Boksi linaisifu zaidi mashine ya ukungu, ile inayogeuza maji ya chumvi au dawa kuwa ukungu laini ili ndege auvute. Kwangu mimi thamani ya kifaa hiki iko kwenye joto. Baji aliyekomaa ana uzito wa gramu 30 hadi 40 hivi, na joto la mwili wake hufika takriban nyuzi 41 za Selsiasi. Mwili mdogo kiasi hicho hupoteza joto upesi, na mgonjwa ambaye hali vizuri huchoma akiba yake yote ili asipoe tu. Akikaa katika hewa ya nyuzi 29 hadi 32, akiba hiyo hubaki kwa ajili ya kupambana na ugonjwa. Tone alikuwa ameshuka kutoka gramu 36 hadi 31 nilipomwingiza. Alfajiri ya usiku wa kwanza manyoya yake yalikuwa yamelala mwilini, na asubuhi ya pili nilimkuta akichambua shuke la ulezi, taratibu, punje moja kisha anapumzika, punje nyingine kisha anapumzika. Nilikaa chini nikamtazama kwa muda mrefu.

Hata hivyo kidhibiti joto cha kizimba hiki hakiaminiki, na hili ni kosa zito kwa chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa. Nilikiweka kwenye nyuzi 30, na kioo chake kikaonyesha 30 bila kuyumba, lakini kipimajoto changu nilichokifunga kwenye usawa wa kijiti kilisoma 34 karibu na bamba la joto na, nilipokishusha, 27 sakafuni upande wa mlango. Kipimio cha ndani kimebanwa pembeni, mahali ambapo ndege hakai. Asiyekuwa na kipimajoto cha pili hataijua tofauti hii mpaka amwone ndege ameachama mdomo na kutenganisha mabawa na mwili, ambazo ni dalili za kuzidiwa na joto, na ambazo kwa mgonjwa wa kifua hudhaniwa kirahisi kuwa ugonjwa umezidi. Nilikihamisha kijiti hadi katikati, nikashusha kipimo, na nikaacha upande mmoja uwe wa baridi kidogo ili ndege achague mwenyewe. Baada ya marekebisho hayo joto lilitulia na halikunisumbua tena.

Mambo mawili yametengenezwa kwa akili nyingi, na mtengenezaji anastahili pongezi. La kwanza ni trei ya chini, ambayo huvutwa nje bila kufungua mlango. Kila asubuhi nilibadilisha karatasi nyeupe, nikahesabu vinyesi na kutazama rangi yake, kwa maana ile sehemu nyeupe ya mkojo ikigeuka kijani ni habari ambayo daktari anaihitaji. La pili ni mlango wa kuinua juu, mwembamba kiasi cha kupitisha mkono mmoja tu. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama tulicho nacho sisi. Hewa huingia na kutoka kwa mfupa wa kifua kusogea mbele na nyuma, ikipita kwenye mapafu na kwenye vifuko vya hewa vilivyosambaa mwilini, na kwa hiyo ukimbana kifua umemziba pumzi. Baji anayekimbizwa huku na huko ndani ya tundu kubwa anaweza kufia mkononi. Humu ndani nilimfikia Tone kwa mwendo mmoja, nikamshika kichwa kwa vidole viwili na kuuacha mwili upumzike kiganjani, nikampa dawa na kumrudisha kabla hajaanza kuhema.

Sasa mashine ya ukungu. Daktari wa ndege aliagiza maji ya chumvi ya asilimia 0.9, dakika 15, mara mbili kwa siku, na kwa kazi hiyo mashine inatosha. Ukungu wake ni mwembamba, na karatasi ya maelezo inadai kwamba matone yake hayazidi mikromita 5, kipimo ambacho ni cha lazima, kwa sababu matone makubwa kuliko hayo huishia puani na kooni bila kufika kwenye vifuko vya hewa. Sikuwa na njia ya kuyapima, lakini niliona matokeo: makamasi yaliyokuwa yameganda kwenye tundu za pua yalilainika, na kile kisauti cha kukwaruza kilichosikika kwa kila pumzi kilipungua baada ya kila zamu. Tatizo ni mngurumo. Mara ya kwanza nilipoiwasha Tone alijirusha ukutani, jambo ambalo ndege mwenye pumzi fupi hapaswi kufanyiwa. Tangu siku hiyo niliiwasha kwanza kizimba kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa chepesi, pua ya mashine ikiwa nje, na baada ya dakika mbili za kumzoesha sauti ndipo nilipoichomeka. Kikombe chake huoshwa na kukaushwa kila baada ya zamu. Maji yakilala humo hukuza bakteria, na kesho yake unamvutisha mgonjwa ugonjwa mwingine.

Ninasisitiza kwamba ukungu haukuwaponya ndege wangu. Vipimo vya ute wa koo na wa kinyesi vilionyesha Chlamydia psittaci, kimelea cha sitakosisi, ugonjwa wa bakteria unaowapata kasuku na kushambulia upumuaji, na kilichowaponya ni antibiotiki ya doksisiklini iliyotolewa kwa siku 45 bila kuruka hata moja. Wagonjwa waliozidiwa walipewa matone mdomoni, na wengine wakapewa dawa iliyochanganywa kwenye nafaka zilizokobolewa. Daktari alikataa kuitia dawa kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa baji ni ndege wa nchi kame na hunywa kidogo mno, na alikataa pia kuipaka kwenye nafaka zenye maganda, kwani ndege hawa humenya kila punje na dawa yote huanguka chini pamoja na ganda. Mfupa wa ngisi na mawe ya madini niliyaondoa kwa muda wote huo, kwa kuwa kalsiamu hukamatana na doksisiklini na kuizuia isiingie mwilini. Hakuna neno hata moja kuhusu haya kwenye karatasi ya kifaa, ambayo badala yake inaahidi nafuu ya matatizo yote ya upumuaji. Ahadi hiyo ni ya hatari. Baji anayepumua kwa shida huenda ana kuvu ya Aspergillus kwenye vifuko vya hewa, na hapo antibiotiki za kubahatisha huweza kumwongezea balaa; au ana utitiri kwenye njia ya hewa; au tezi yake ya shingo imevimba kwa kukosa iodini na inaubana mrija wa pumzi, hali inayowapata baji wanaolishwa nafaka peke yake. Wote hao wakitazamwa kutoka nje ya kioo wanafanana.

Malalamiko yangu makubwa kuliko yote yanahusu feni. Imewekwa nyuma ili kutoa unyevu, na bila hiyo kioo hujaa matone na pembe za kizimba zingeota kuvu, kwa hiyo ninaelewa kwa nini ipo. Lakini hewa inayotoka inatupwa moja kwa moja chumbani, bila chujio lolote. Sitakosisi husafiri katika vumbi la kinyesi kilichokauka na katika majimaji ya pua, na haiwaachi binadamu: mlipuko wa mwaka 1929 hadi 1930, uliofuata biashara ya kasuku na kugusa nchi nyingi, uliua watu. Kifaa kinachouzwa kwa ajili ya ndege wenye maradhi ya kupumua kinapuliza vumbi hilo usoni mwa anayewauguza. Nilikihamishia kwenye chumba kisicho na mtu, nikavaa barakoa ya kuchuja na glavu kila nilipoingia, nikalowesha karatasi ya trei kwa maji kabla ya kuikunja, na nilipopata homa na kuumwa kichwa katika wiki ya pili nilimwambia daktari wangu, kabla hajauliza chochote, kwamba ninauguza kasuku. Vipimo vyangu vilikuwa salama. Ningependa kila mnunuzi aambiwe jambo hili kwa herufi kubwa ndani ya boksi.

Vilevile karatasi ya maelezo haisemi bamba la joto limepakwa nini. Mfugaji yeyote wa ndege ataelewa kwa nini nililiuliza hilo: rangi ya aina ya PTFE, ile ya vikaangio visivyogandisha chakula, ikipata joto kali hutoa gesi ambayo huua ndege kwa muda mfupi sana. Nilimwandikia muuzaji, na jibu kwamba haimo lilikuja baada ya siku tisa. Kwa kuwa sikuweza kusubiri, usiku wa kukinunua, kabla sijamwingiza, nilimpasha Tone joto kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, na kizimba nikakiacha kiwake kitupu kwenye dirisha lililo wazi mpaka harufu ya upya ikaisha.

Ukubwa wake ni wa kutosha ndege mmoja kwa starehe, wawili kwa kubanana. Penye mlipuko hilo ni tatizo, kwa kuwa ugonjwa huu hauchagui mmoja. Zumaridi, dume la kijani aliyekuwa mkubwa kuliko wote, nilimwacha kwenye tundu la kawaida lenye taa ya joto kwa sababu alionekana ana nguvu kuliko Tone. Alikufa alfajiri ya siku ya pili, kabla majibu ya vipimo hayajarudi. Ninakiri kwamba nilipima hali yake kwa macho na sikumweka kwenye mzani. Kipimo cha gramu kingeniambia alichokuwa akinificha. Baada yake niliwapima wote kila asubuhi kabla ya kula, na aliyepungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake alipewa kizimba bila kujali anaimba au haimbi. Mwenye kundi la ndege zaidi ya wanne anunue viwili, au atafute kipana zaidi hata kama hakina mashine ya ukungu, kwa kuwa mashine hiyo hupatikana peke yake na joto ndilo lisilosubiri.

Usafi wake ni wa wastani. Kuta za plastiki angavu husafishika kwa kitambaa, ila mshono wa sakafu hushika kinyesi, na dawa ya kuua vijidudu haifanyi kazi juu ya uchafu. Lazima mshono usuguliwe kwa mswaki na sabuni kwanza, usuuzwe, ndipo dawa ipakwe na kuachwa kwa dakika zilizoandikwa kwenye chupa yake. Kazi hiyo niliifanya nje ya chumba, kwa sababu moshi wa klorini ni mkali kwa vifuko vya hewa vya ndege. Kila nilipobadilisha mgonjwa ilinichukua karibu saa nzima, na kwa muda huo aliyekuwa akisubiri alikaa na chupa yake ya maji ya moto.

Siku ya 38 mpira unaoziba kikombe cha ukungu ulichanika. Muuzaji alinijibu kwamba hauuzwi peke yake na kwamba ninunue mashine nzima, jambo ambalo sikulifanya, kwani kufikia hapo daktari alikuwa amekwisha kusimamisha ukungu na kubakiza dawa tu. Sehemu ya joto haijaharibika. Wiki kadhaa baada ya dozi kumalizika ndege sita waliobaki walipimwa tena na hakuna aliyekutwa na kimelea. Asubuhi ile Tone alikuwa na gramu 35, na nilipofungua mlango wa tundu kubwa alipita juu ya kichwa changu na kutua kwenye kijiti cha juu kabisa, mkia umetulia.