Kinga ya tivi na gadi ya friji: uzoefu wangu hapa Mikindani

Kwa anayetaka kununua kinga ya kuzuia umeme unaoruka ghafla usiunguze vyombo, nianze na hili: ekstensheni ya kawaida yenye swichi ya taa nyekundu haikingi kitu. Ile taa inakwambia umeme upo, basi. Madukani Mtwara mjini zimejaa hizo, na muuzaji atakuapia kwamba zina kinga. Igeuze usome mgongoni. Kinga ya kweli huandikwa idadi ya jouli, yaani kipimo cha nishati inayoweza kuimeza, na volti ziwe 220 hadi 240. Ukikutana na ya mtumba kutoka Marekani, ya volti 120, iache hukohuko hata kama ni nzito na nzuri; kwenye umeme wetu wa 230 itaungua yenyewe kabla haijakinga chochote.

Yangu ina soketi nne na jouli 900. Nimechomeka tivi, kingamuzi na rauta. Msimu mzima wa mvua umeme ulikuwa ukikatika na kurudi kwa kishindo, na vyote vitatu ni vizima. Ninachokipenda zaidi ni taa yake ndogo ya kijani. Ndani mna vidude vinavyoitwa varista, ambavyo umeme ukiruka ghafla huumeza ule wa ziada, na kila pigo huvichosha. Vikifa, soketi zinaendelea kutoa umeme kama kawaida, kwa hiyo bila taa hiyo huwezi kujua kwamba kinga imekwisha.

Kasoro yake ni waya mfupi. Halafu plagi ni ya pini tatu, na dukani walitaka kuniongezea adapta ya pini mbili. Nilikataa, maana hapo unaikata ethi, ule waya unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Nikamwita fundi aipime ethi ya nyumba, akakuta kiungo cha kwenye nondo iliyochimbiwa ardhini kimeliwa na kutu. Kwa chumvi ya bahari hii, wa pwani wenzangu mkapime na zenu.

Friji sikuichomeka humo. Adui yake mkubwa ni umeme kuwa hafifu, au kukatika na kurudi papo hapo kompresa, ile pampu ya gesi ya kupoozea, ikiwa bado haijapumua, na kwa hayo kinga ya jouli haisaidii. Nilinunua gadi ya friji: umeme ukishuka au ukipanda mno inakata, na ukitulia inasubiri kama dakika tatu ndipo inaruhusu. Shemeji yangu, anayegandisha barafu za kuuza, anailaani kwa kuchelewa kuruhusu umeme. Kompresa mpya anaijua bei yake lakini.

Radi ni habari nyingine. Wingu likishaanza kunguruma nachomoa kila kitu, pamoja na waya wa dishi nyuma ya kingamuzi, kwa sababu radi huweza kuingilia huko wakati wewe umelinda ukutani tu. Fundi ananishawishi nifunge na kinga kubwa kwenye ubao wa umeme wa nyumba. Bei aliyotaja bado tunavutana.