Kompyuta Mpakato za Mtumba za Kuwekea Linux: Ipi Ununue Kwanza

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kwa kuwa Windows 11 inakataa rasmi karibu vichakata vyote vya Intel vilivyotangulia kizazi cha 8, kompyuta nyingi imara za maofisini zimejikuta zikihesabiwa kuwa zimepitwa na wakati. Kwa mnunuzi aliye tayari kutumia Linux, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows, hiyo ni sababu ya kudai punguzo. Mfumo huu huria haudai leseni ya kulipia wala haumfukuzi mtu kwa sababu ya umri wa kichakata chake, na ndiyo maana ninaanza na mashine ambayo Windows 11 haiitaki.

Nafasi ya kwanza naipa Lenovo ThinkPad T470. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje, hivyo unaweza kuichomoa ya nje na kupachika nyingine huku kazi ikiendelea, jambo ambalo mtu anayeishi na umeme wa kukatikakatika hahitaji kuelezwa faida yake. Ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), kwa hiyo iliyouzwa na GB 8 inaweza kuongezwa baadaye mfuko ukiruhusu. Pia ina matundu mawili ya kupokelea chaji, la mstatili la Lenovo na la USB-C. Mrithi wake, T480, amebaki na USB-C peke yake, na tundu hilo likilegea fundi hulazimika kuishika bodi kuu yenyewe. Kasoro ya T470 ni kwamba kisoma alama za vidole hakifanyi kazi kwenye Linux bila usumbufu mkubwa. Andika nywila, maisha yaendelee.

Ya pili ni HP EliteBook 840 G3 ya kizazi cha 6, ambayo ina umbo jembamba zaidi na nafasi mbili za RAM, ila betri yake iko ndani tu. Kabla ya kulipa, iwashe huku ukibonyeza F10: ikikudai nywila ya BIOS (programu ya mipangilio ya kompyuta inayotangulia mfumo endeshi) ambayo muuzaji haijui, irudishe mezani, kwa sababu kwenye EliteBook kuchomoa betri hakuifuti nywila hiyo.

Dell Latitude 7490, ya kizazi cha 8, ni mashine nzuri kuliko hizo mbili kwa kasi, lakini naiweka ya tatu kwa sababu inakubali Windows 11 na bei yake hulifuata jambo hilo. Inunue ikiwa kazi yako inakulazimisha kuwa na mifumo yote miwili.

Mwisho kabisa naweka MacBook za Intel za mwaka 2018 hadi 2020 zenye chipu ya T2, ambazo kibodi na padi yake ya mguso havifanyi kazi mpaka uweke kiini (kernel) maalumu cha Linux. Kompyuta mpya za bei poa zenye RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi nazo ziache, hata kama zinanukia upya.

Kuhusu mfumo wenyewe, anayetoka Windows aanze na Linux Mint 22, moja ya matoleo ya Linux, yenye mazingira ya Cinnamon (mwonekano wa skrini unaokaribia wa Windows), inayohudumiwa hadi mwaka 2029. Mwenye RAM ya GB 4 achague toleo lake jepesi la Xfce. Ubuntu, toleo jingine la Linux, aliloanzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, ni chaguo jema pia, ingawa mpangilio wake huwachanganya wageni. Yote ni bure, kwa hiyo fundi akikutoza fedha unalipia mkono wake, si programu. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, itafungua hati zako za Word, japo majedwali wakati mwingine huhama. Barua ya kuomba kazi itume kwa PDF. Anayeishi kwa AutoCAD au Photoshop, hata hivyo, asidanganywe: programu hizo hazina toleo la Linux.

Nenda dukani na flashi iliyokwisha wekwa Mint. Chomeka, washa huku ukibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell au F9 kwa HP, na mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Unganisha Wi-Fi kupitia simu yako, cheza video usikie sauti, fungua kamera, kisha funika kioo, subiri kidogo na ukifunue uone kama kompyuta inaamka. Chomoa chaji na utazame asilimia ya betri wakati mnapatana bei. Ikishuka kutoka 90 hadi 60 kabla hamjaafikiana, bei ya betri mpya itolewe kwenye bei ya kompyuta.